Nafasi Kando ya Baba

Baba alizikwa mwanzoni mwa mvua, na kabla ya wiki kwisha mama alikuwa amekwisha kuchagua mahali atakapolala yeye. Alirudi makaburini na jembe, akiwa bado katika nguo za msiba, akachota udongo kutoka pembeni na kuurundika upande wa kulia wa kaburi la baba, mpaka ukawa mrefu na mwembamba kama kaburi lingine. Fundi mbao wa mtaa wetu alimtengenezea msalaba usio na jina. Ukipita njiani ungeona wafu wawili, mmoja kando ya mwenzake. Chini ya mmoja hakukuwa na mtu.

Mama hakuwa amechanganyikiwa na majonzi. Makaburi ya mji wetu wa Likasi yamejaa, na wachimba kaburi wakiona ardhi tambarare huihesabu kuwa haina mwenyewe. Mtu asiyeweza kujenga kwa saruji hana njia nyingine ya kushika nafasi ila kulidanganya jicho lao. Baadaye, nilipoanza kuulizauliza, niligundua kwamba wajane kadhaa wa kambi ya wafanyakazi, mahali nilipokulia, walikuwa wamefanya vivyo hivyo, na kila mmoja alidhani ni siri yake peke yake. Sharti lilikuwa moja: lile rundo la udongo lazima litunzwe. Kaburi lenye majani ya miaka mitatu huitwa kaburi lisilo na watu, na kaburi lisilo na watu huchukuliwa.

Ndiyo maana kila tarehe moja ya mwezi wa nane, Siku ya Wazazi, sisi tulisafisha makaburi mawili.

Siku hiyo ni ya mapumziko nchini kote. Asubuhi ni ya wazazi waliokufa, mchana ni ya wazazi walio hai. Kwetu Likasi majembe hutangulia mikate barabarani. Watu wanapanda kuelekea makaburini na panga, fagio na ndoo za chokaa, wanawake wamejifunga kikwembe kimoja kiunoni na kingine kichwani kwa ajili ya vumbi, maana mwezi wa nane mvua imesahaulika na udongo mwekundu unaruka hata mtu akikohoa. Majani hung'olewa, nyufa huzibwa, misalaba hupakwa nyeupe. Watu hukaa kidogo, wakazungumza na aliyelala pale, wakampa habari za mwaka. Mwenye wazazi wote wawili hai hashiki jembe siku hiyo. Husemwa kwamba anayefanya hivyo anamwonyesha mzazi wake njia. Yeye hulala mpaka saa tatu, kisha huenda sokoni kununua kuku. Sisi tuliobaki na mzazi mmoja tulifanya yote mawili, asubuhi kule na mchana huku, na watoto wa jirani walituita nusu-nusu.

Nilipokuwa nikisoma habari katika redio moja ya mji, kila mwisho wa mwezi wa saba nilitumwa kuuliza watu siku hii ilitoka wapi. Mwalimu mmoja mstaafu alinieleza kwamba ni mambo ya wakati wa Zaire. Serikali ilitaka watu waache desturi za Wazungu, na kwa kuwa Wakatoliki walikuwa na siku yao ya kuwaombea marehemu mwezi wa kumi na moja, ikabidi nchi iwe na siku yake yenyewe, yenye wafu na walio hai pamoja. Mtawa mmoja alitabasamu nilipomsomea maneno hayo. Alisema mwezi wa kumi na moja kanisa lake bado linajaa, kwa hiyo haoni nani alimshinda nani. Mama mmoja muuza chokaa aliniambia wote wawili ni watoto. Katika kijiji cha bibi yake, mbali sana kaskazini, watu walipaka udongo mweupe, pemba, mahali pa wazee wao kabla ya kuanza kulima, na hapakuwa na serikali wala padri wa kuwaamuru.

Niliyatangaza yote matatu, kila moja kwa urefu uleule, kwa sababu sikujua lipi ni la kweli. Hata leo sijui. Mama alinisikiliza redioni, na niliporudi nyumbani akasema, "Weye unatafutaka mwanzo wa kila kintu. Mwezi wa kumi na moja kuko matope. Mwezi wa munane hakuna matope. Njo ile tu."

Mdogo wangu wa kiume yeye hakutaka kujua mwanzo wala mwisho. Ananunua mawe ya shaba kwa wachimbaji wa Kambove na kuyauza mbele, na tangu aingie kanisa la uamsho amekataa kuvuka lango la makaburi. Pasta wake anafundisha kwamba anayezungumza na wafu anafungulia mashetani mlango. Hata hivyo kila mwaka alitupeleka kwa gari lake mpaka langoni, akatusubiri hapo na Biblia ndani ya simu, vioo vimefungwa.

"Unafunga vioo juu ya vumbi ao juu ya bafu?" mama alimuuliza mwaka mmoja, akitaka kujua kama ni wafu anaowakimbia.

"Juu ya vumbi, mama."

"Basi ni vizuri. Maana bafu banapitaka hata mu kioo."

Kisha ikaja miaka miwili ambayo hatukwenda. Mimi nilikuwa nimepata kazi Lubumbashi, na mama alianguka bafuni akavunjika nyonga. Mwezi wa nane wa kwanza alimwomba mdogo wangu aende peke yake, aondoe majani tu, asiseme neno lolote na mtu yeyote. Alikataa kwa upole, akasema atamwombea. Wa pili hakumwomba tena. Mwaka wa tatu nilikuwa nimerudi Likasi na mama alikuwa anatembea kwa fimbo. Siku moja kabla ya sikukuu aliweka jembe mlangoni, akaniambia, "Kesho tunaenda. Ni mwaka wa tatu. Bakinikamatia nafasi yangu, munaenda kunizika na nani?"

Swali hilo halikuwa mzaha. Ndugu zake wote wamezikwa mbali, na katika mji huu wa watu waliotoka kila upande kufuata shaba, baba ndiye aliyekuwa ukoo wake.

Tulipanda taratibu kutoka langoni, mdogo wangu akabaki garini kama kawaida. Mama alisimama mara nyingi kuvuta pumzi na kila aliposimama alinyoosha shingo, akijaribu kuona mbele. Tulipofika safu yetu, kaburi la baba ndilo lililokuwa limepotea. Majani makavu yalifika kiunoni. Pembeni yake, mahali pa mama, kila kitu kilikuwa safi. Udongo ulikuwa umesawazishwa kwa mkono, mawe meupe yamepangwa kuuzunguka, na ule msalaba wa fundi wetu ulikuwa umeondolewa. Palisimama mwingine, mpya, wenye maandishi meusi.

"Banaandika nini?" mama aliuliza. Miwani yake ilikuwa imebaki nyumbani.

Nilimsomea. Lilikuwa jina la mwanamke.

Mama aliegemea fimbo yake kwa mikono miwili. "Nani huyu mwanamuke mwenye kulala na bwana yangu?"

Kabla sijajibu, msichana mmoja aliinuka kutoka ndani ya majani ya baba. Alikuwa na umri wa miaka ishirini hivi, ameshika panga, jasho limemchora mistari katika vumbi la uso. Nyuma yake mwanamume wa makamo, mwenye mabega mapana, alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Jambo, mama. Bonne fête," msichana alitutakia sikukuu. "Munatafuta kaburi gani? Tukusaidie?"

"Hii yenye unakata majani," nilisema.

Alifurahi kweli. "Aa! Kumbe huyu muzee iko na bantu! Papa, unasikia? Mwaka jana tulimuonea huruma sana. Njo leo nikasema, nimukatie majani, asikae sawa vile hana batoto."

Mama alisema tu, "Iko na batoto. Mumoja eko hapa. Mwingine eko mu gari."

Nikaenda kumwita huyo wa ndani ya gari. Nilimwambia kuna watu kwenye nafasi ya mama, na nikajiandaa kubishana. Hakubishana. Alifunga gari, akapita lango kwa hatua ndefu, huku akinong'ona sala, na hakuacha kunong'ona mpaka tulipofika.

Wakati huo mama alikuwa ameketishwa juu ya ile ndoo, na msichana alikuwa anampepea kwa kipande cha kartoni. Nilifanya kile nilichozoea kufanya, nikaanza kuuliza. Nilimuuliza yule mwanamume, baba wa msichana, mke wake alifariki lini. Alisema msichana alipokuwa mdogo. Nani alimzika? Wakwe zake, yeye alikuwa kwenye mashimo ya shaba, mbele ya Kambove, na habari zilimfikia akiwa amechelewa. Msalaba wa kwanza wa mke wake ulikuwa wa nini? Wa chuma, akasema, na wezi wa vyuma waliuchukua pamoja na misalaba ya safu nzima. Sasa alijuaje kwamba ni hapa? Hapo alimtazama binti yake, akasema mchimba kaburi mmoja alimwonyesha.

Nilijua anasema uongo, na nilijua pia kwamba hasemi kwa ajili yetu, ila kwa ajili ya binti yake. Nilifungua mdomo ili nimweleze kwamba pale hapajawahi kuzikwa mtu. Mama alinigusa mguu kwa fimbo.

"Mayi ya chokaa haitoshi," alimwambia mdogo wangu. "Weye na huyu dada mwende ku robine, mulete ndoo mbili. Mutembee polepole, kuko mawe."

Walikwenda. Mama alingoja mpaka wakapotea nyuma ya misalaba, kisha akamgeukia yule baba.

"Papa, hapa habakuzikaka muntu. Minye njo nilirundika huu udongo, na mikono yangu. Ni nafasi yangu."

Nilitegemea atashtuka au atakasirika. Aliinama, akachukua udongo kidogo, akauvunja kati ya vidole.

"Ninajua, mama."

"Unajua?"

"Minye ni muntu wa mashimo. Miaka makumi mbili niko nachimba. Udongo yenye ilisha kufunguliwa na udongo yenye haiyafunguliwa, mukono yangu inajua. Siku ya kwanza nilipiga jembe hapa pembeni, nikasikia iko nguvu, ni ya Mungu mwenyewe. Na kaburi inashukaka kiisha mvua. Hii haishuki." Alizungumza bila kutuangalia. "Mutoto alikuwa ananiuliza kila mwaka, papa, fete inakuja, tunaenda wapi? Benzake banaenda na majembe, yeye anabaki ku mulango. Kukamata kaburi ya muntu nilikataa, ni kuiba mama ya batoto ya bengine. Lakini hii nikaona imeachwa, na haina muntu. Nikasema haitaumiza muntu."

"Iko na muntu," mama alisema. "Ni kufika njo hajafika bado."

Yule baba alicheka kidogo, bila kutaka, kisha akafunika macho kwa kiganja.

Niliona kwamba njia rahisi ipo. Makaburi yamejaa, lakini mahali pamoja pa kulala bado pangeweza kupatikana upande wa chini, na mama angeweza kusema, basi, kaeni. Nadhani yule baba alikuwa anasubiri maneno hayo. Nadhani hata mimi nilikuwa nayasubiri, maana yangependeza masikioni. Mama hakuyasema.

"Minye sitoki hapa," alisema. "Sasa unisikilize. Siku yangu itafika, na haiko mbali, unaona hii muguu. Batakuja hapa na machepe. Mutoto yako atapita, ataona banafukula mama yake, banatupa mawe yake, banaweka muntu mwingine. Nani atamuambia siku ile? Minye nitakuwa mu sanduku."

Yule baba alipangusa udongo vidoleni.

"Umuambie leo."

"Leo ni fete, mama."

"Njo leo."

Walirudi na maji. Mdogo wangu alikuwa amebeba ndoo zote mbili, na msichana alikuwa anamcheka kwa sababu alikuwa amejimwagia viatu. Baba yake alimwita akae. Hakuzungusha maneno. Alimwambia kwa maneno machache, kama mtu anayetoa mwiba, kwamba mama yake hayupo hapa, kwamba yuko safu ya chini karibu na mikaratusi, na kwamba hajui ni wapi hasa, wala hakuna anayejua.

Msichana aliitazama mikaratusi. Chini yake majani yalikuwa yamefunika kila kitu.

"Nilikujaka hapa hata siku zenye haziko fete," alisema. "Peke yangu. Nilimuambia mambo yangu yote. Sasa nani alisikia?"

Mama alijiinua kwenye ndoo, akasogea mpaka karibu naye.

"Ulisemea ku nafasi yangu," alisema. "Kama ningekuwa nimefika, minye njo ningesikia. Sasa ungali na bahati, maana niko inje bado. Mchana tunakula, nyumba yetu iko nyuma ya soko, uulize mama wa fimbo. Kuja uniambie."

Msichana alichukua panga lake, akarudi kwenye kaburi la baba, akaanza kukata pale alipoachia. Mdogo wangu alimtazama, akavua koti la sikukuu, akang'oa majani upande mwingine. Nilimwangalia kwa mshangao. Aliona.

"Yaya, usinitangaze mu redio," aliniambia mimi mkubwa wake. "Ninasafisha tu."

"Na ile ya pembeni?"

Alilitazama lile kaburi la mawe meupe, ambalo sasa sote tulijua lilivyo. "Ile hata pasta wangu hawezi kukataa. Haina mufu."

Msichana alicheka akiwa ameinama, na kicheko kikageuka kilio, akaendelea kukata huku analia. Walipomaliza, kaburi la baba lilikuwa limerudi, fupi kuliko nilivyolikumbuka. Yule baba alishika msalaba wenye jina la mke wake, akitaka kuung'oa. Mama alimzuia.

"Uiache kwanza. Jina linalinda kupita musalaba mutupu. Siku nitafika, mutahamisha ku mikaratusi."

Alitikisa kichwa kukubali, akatoa shukrani kwa mikono miwili, na wakaondoka, baba mbele, binti nyuma.

Siku hiyo mama haingii jikoni. Tulipika sisi: ugali wetu wa bukari, kuku, majani ya muhogo ya sombe, na samaki wa ziwa la Tshangalele ambao mdogo wangu alikuwa amewaagiza tangu wiki iliyotangulia. Desturi ya nyumba yetu ni kwamba kabla ya kula watoto wanapiga magoti mbele ya mama, naye anatoa kwanza mashtaka ya mwaka mzima, moja moja, ndipo anabariki. Mdogo wangu alishtakiwa kwa miaka miwili ya majani, jambo ambalo alilitarajia. Mimi nilishtakiwa kwa Lubumbashi, na kwa kuuliza maswali kwa mtu mwenye uchungu kana kwamba ameketi studio. Kisha akatuwekea mikono kichwani, tukala.

Tulikuwa tumekwisha kunawa mikono, chupa ya munkoyo, kinywaji cha mahindi, imefika nusu, yule msichana aliposimama mlangoni. Alikuwa ameoga na kufunga kikwembe kizuri. Mkononi alikuwa na mfuko wa sukari, akaukabidhi kwa mama kwa kupiga goti, jinsi mtoto anavyomkabidhi mzazi wake. Mama aliupokea, akamwonyesha kiti cha karibu, na hakumuuliza kitu chochote. Mdogo wangu alimwekea sahani. Alikula kidogo. Akasifu samaki.

"Haya," mama alisema. "Uanze penye ulianzia kule."

Msichana alitazama sakafu. Alipoanza alisema kwa sauti ya chini sana, na ikanibidi niinamishe kichwa ili nisikie: kulikuwa na kijana mmoja huko Kambove, aliyetaka kuja kujitambulisha kwa baba yake kabla ya mvua, na yeye alikuwa amekwisha kumwambia mama yake habari za kijana huyo mara tatu, pale kwenye mawe meupe, na kila mara alirudi nyumbani bila kujua la kufanya.

Mama alinitazama mimi, kisha akatazama mlango wa jikoni. Nilielewa. Nilikusanya sahani, nikatoka, na nyuma yangu nikamsikia akivuta kiti chake mbele na kuuliza, "Na mama yake? Mama ya huyu kijana eko namna gani?"